Dawa Moja, Vijidudu Vingi: Jinsi Maabara Inavyoijaribu Rifampisini

Kidonge cha rangi ya matofali anachopewa mgonjwa wa kifua kikuu katika miezi miwili ya kwanza ya matibabu kina dawa nne zilizounganishwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Baada ya kukimeza, mkojo hugeuka rangi ya chungwa, na wagonjwa wengi hushtuka wakidhani ni damu. Si damu. Ni rangi ya rifampisini yenyewe, na huonekana hata katika jasho na machozi.

Katika kaunti ya wafugaji kama Isiolo, rifampisini ina kazi nyingine pia. Hutolewa pamoja na doksisaiklini kwa wagonjwa wa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo na ambao ni wachache katika maboma yetu hawajausikia. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu dawa iliyo sahihi kwa ugonjwa mmoja inaweza kuharibu tiba ya ugonjwa mwingine ikiwa haikutanguliwa na kipimo. Somo hili linaeleza jinsi maabara inavyoijaribu antibiotiki ambayo tayari ipo, jinsi inavyojua kama bakteria wa mgonjwa fulani bado wanauawa nayo, na kwa nini mkazi anayekohoa huombwa makohozi kwanza.

Dawa iliyotoka mchangani

Mwaka 1957, watafiti wa kampuni ya Lepetit mjini Milan, Italia, walichunguza udongo uliochotwa katika msitu wa misonobari kwenye pwani ya kusini mwa Ufaransa. Ndani yake walipata bakteria anayetengeneza sumu ya kuua bakteria wenzake. Piero Sensi na Maria Teresa Timbal walikuwa miongoni mwa watafiti hao. Sumu hiyo waliipa jina la utani kutoka kwa filamu ya Kifaransa iliyokuwa ikivuma wakati huo, "Rififi", na ndiyo maana hadi leo jina la dawa linaanza na "rifa".

Sumu ya kwanza haikufaa kumezwa, kwa kuwa tumbo halikuweza kuipokea vizuri. Wanakemia waliibadilisha kidogo kidogo kwa miaka kadhaa hadi mwaka 1965 walipopata umbo linaloweza kunywewa. Hiyo ndiyo rifampisini. Ilianza kuuzwa Italia mwaka 1968.

Ndani ya bakteria kuna mtambo mdogo unaonakili maagizo ya uhai wake, yaani maagizo ya kutengeneza protini zote anazohitaji. Rifampisini hujibana kwenye mtambo huo na kuuziba. Bakteria aliyezibwa hawezi kutengeneza chochote, naye hufa. Mtambo wa aina hiyo upo kwa bakteria wa aina nyingi, kwa hiyo dawa hii ina nguvu dhidi ya vijidudu vingi tofauti. Lakini bakteria akibadilika kidogo tu mahali pale dawa inapojibana, dawa hukosa pa kushika, na kuanzia hapo yeye na uzao wake wote ni sugu.

Funzo la streptomisini

Kabla ya rifampisini kulikuwa na streptomisini, ile ile ambayo wafugaji wanaifahamu leo ikiwa imechanganywa na penisilini kwa sindano za mifugo. Iligunduliwa Marekani mwaka 1943, nayo ilikuwa antibiotiki ya kwanza kumtibu mwanadamu kifua kikuu.

Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliijaribu kwa wagonjwa 107 na kutangaza matokeo mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa streptomisini na kulazwa. Wengine 52 walilazwa tu, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 katika kundi la dawa na 14 katika kundi la pili. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukudumu. Wagonjwa waliokuwa wameanza kunenepa na kuacha kukohoa walirudi nyuma. Maabara ilipochukua makohozi yao na kuwaotesha bakteria mbele ya dawa, kati ya wagonjwa 41 waliopimwa hivyo, 35 walikuwa na bakteria wasiojali tena streptomisini. Miaka mitano baadaye, vifo katika makundi hayo mawili vilikaribia kulingana: 32 na 35.

Sababu yake ni hesabu. Pafu la mgonjwa lililotoboka shimo linaweza kubeba bakteria milioni 100 au zaidi. Kila bakteria wanapozaana hutokea makosa madogo ya kunakili, na kwa bahati tu, takriban bakteria mmoja katika milioni moja huwa tayari ni sugu kwa isoniazidi kabla dawa haijafika. Kwa rifampisini ni takriban mmoja katika milioni 100. Mgonjwa akipewa isoniazidi peke yake, bakteria kama 100 watabaki, na hao ndio watakaozaana. Akipewa rifampisini peke yake, huenda akabaki mmoja, na mmoja anatosha. Akipewa zote mbili kwa pamoja, anayehitajika ni bakteria aliye sugu kwa zote mbili kwa wakati mmoja, yaani mmoja katika milioni milioni 100. Idadi hiyo haimo ndani ya pafu la mtu yeyote.

Hesabu hii ndiyo inayofanya dawa za kifua kikuu zitolewe zikiwa kundi. Wakazi waikumbuke wanapofika kwenye sehemu inayozungumzia brusela.

Jaribio la Afrika Mashariki

Dawa kuua bakteria ndani ya chupa ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo jingine. Jibu la pili lilitafutwa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika utafiti ulioendeshwa na nchi hizo pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati huo matibabu ya kawaida yalichukua miezi 18, na wagonjwa wengi walikata tamaa njiani. Swali lilikuwa kama miezi sita ingetosha.

Makundi manne yalipata streptomisini na isoniazidi kwa miezi sita. Kundi moja liliongezewa rifampisini, la pili pirazinamidi, la tatu dawa ya bei nafuu iitwayo thiasetazoni, na la nne halikuongezewa kitu. Kisha wagonjwa walifuatiliwa ili kuona ni nani angerudiwa na ugonjwa. Waliorudiwa walikuwa takriban asilimia 3 katika kundi la rifampisini na asilimia 8 katika kundi la pirazinamidi. Katika kundi la thiasetazoni walikuwa asilimia 22, na katika kundi lisiloongezewa kitu asilimia 29. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Matibabu ya miezi sita yanayotolewa leo Isiolo na duniani kote yana mizizi yake katika utafiti huo wa Waafrika Mashariki, jambo ambalo watu wa hapa hawajapewa sifa nalo inavyostahili.

Pirazinamidi iliwashangaza wengi. Dawa hiyo ilikuwepo tangu 1952, na maabara zilikuwa zimeidharau kwa sababu ndani ya chupa ya kawaida haiui karibu chochote. Huanza kufanya kazi pale tu mazingira yanapokuwa na uchachu, kama yalivyo ndani ya kidonda cha pafu, mahali bakteria waliolala hujificha. Kwa hiyo jibu la maabara hutegemea jinsi swali lilivyoulizwa. Chupa isiyofanana na mwili inaweza kuidanganya hospitali nzima.

Kaskazini mwa Kenya kulikuwa na swali jingine ambalo chupa haikuweza kulijibu: mfugaji anayehama na mifugo yake atamezaje dawa kila siku kwa miezi sita? Mwaka 1976 huko Wajir, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeishi na watu wa eneo hilo, alianza kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Wagonjwa walijenga makazi yao ya muda karibu na kituo na kumeza dawa mbele ya mhudumu hadi walipopona. Utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, ambao baadaye ulienea duniani, ulipata mojawapo ya vielelezo vyake vya awali katika manyatta hizo.

Maabara inavyouliza swali

Kuna njia mbili kuu za kujua kama rifampisini itamsaidia mgonjwa fulani. Ya kwanza ni kuwaotesha bakteria wake na kuwapa dawa.

Chakula chao cha jadi hupikwa kwa mayai ya kuku, chumvichumvi na rangi ya kijani inayozuia vijidudu vingine visiote. Mchanganyiko huo hugandishwa kwa joto ndani ya chupa iliyolazwa ubavu. Makohozi husafishwa, kisha hupandwa katika chupa mbili: moja isiyo na dawa, na nyingine yenye kipimo maalumu cha rifampisini. Baada ya hapo ni kusubiri. Bakteria wengi wa tumboni hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, lakini bakteria wa kifua kikuu huchukua takriban siku nzima. Majibu huweza kuchukua mwezi mmoja hadi miwili. Katika mashine za kisasa zinazotumia chakula cha majimaji, sampuli huangaliwa hadi siku 42 kabla ya kutamkwa kwamba haina kitu.

Kanuni ya kusoma chupa hizo iliwekwa miaka ya 1960 na Georges Canetti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, pamoja na wenzake. Idadi ya bakteria walioota kwenye chupa yenye dawa ikifikia asilimia 1 ya walioota kwenye chupa isiyo na dawa, mgonjwa huhesabiwa kuwa na kifua kikuu sugu kwa dawa hiyo. Asilimia 1 yaonekana ndogo. Lakini mgonjwa akiendelea na dawa ile ile, asilimia hiyo ndiyo itakayokuwa asilimia 100 baada ya miezi michache.

Njia ya pili haiwaotesha bakteria kamwe. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2010, hutafuta chembe za urithi za kifua kikuu ndani ya makohozi, kisha huchunguza kipande kifupi kile ambacho rifampisini hujibana katika bidhaa yake. Kipande hicho kikiwa kimebadilika, mashine hutoa jibu kwamba rifampisini haitafanya kazi. Yote hayo huchukua takriban saa mbili. Mgonjwa akipatikana na usugu, makohozi mengine hutumwa katika maabara kubwa zaidi ili dawa nyingine nazo zipimwe, kwa maana asiyeuawa na rifampisini mara nyingi hauawi na isoniazidi pia.

Mashine hiyo ina udhaifu mmoja unaofaa kujulikana. Husoma hata chembe za bakteria waliokwisha kufa. Kwa hiyo haitumiwi kuangalia kama mgonjwa anaendelea kupona. Kazi hiyo hufanywa kwa darubini. Mtu aliyewahi kutibiwa na akapimwa tena amweleze mhudumu historia yake, la sivyo jibu linaweza kusomwa vibaya.

Ndugu wa kifua kikuu

Bakteria wa kifua kikuu ana ndugu wengi, na kila mmoja huijibu dawa kwa namna yake.

Anayewahusu zaidi wakazi wa Isiolo ni yule wa ng'ombe, aitwaye bovis. Huwapata ng'ombe, na wanyama wengine wakiwemo ngamia na mbuzi wanaweza kuambukizwa. Humfikia binadamu hasa kwa maziwa mabichi. Kwa watoto mara nyingi hujitokeza kama uvimbe wa tezi za shingo au ugonjwa wa tumbo, bila kikohozi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kifua kikuu husambaa kwa hewa, kutoka mtu hadi mtu. Hata hivyo bovis ana jambo moja la pekee: kwa asili yake, pirazinamidi haimgusi. Hana kimeng'enya kinachofanya kazi cha kuigeuza dawa hiyo kuwa sumu. Kwa mgonjwa wa aina hii, dawa moja kati ya zile nne za kidonge haifanyi kazi tangu siku ya kwanza, na mzigo huangukia rifampisini na wenzake. Kwa hiyo madaktari wengi humrefushia matibabu hadi miezi tisa.

GeneXpert haiwezi kumtofautisha bovis na ndugu yake wa binadamu. Zote mbili huziita kifua kikuu. Hata ile njia ya kuotesha huweza kumkosa, kwa sababu chakula cha kawaida huwekewa gliserini, ambayo bovis haipendi. Mhudumu wa maabara humwekea chakula kingine akiambiwa. Na wa kumwambia ni mgonjwa au mzazi wake: "Nyumbani tunakunywa maziwa bila kuchemsha." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha kipimo kinachofanywa.

Bovis huyo huyo, akiwa amedhoofishwa maabarani kwa miaka 13 na Wafaransa Calmette na Guérin, ndiye aliye ndani ya chanjo ya BCG inayoacha kovu kwenye mkono wa mtoto.

Kuhusu maziwa, akina mama wanaouza maziwa ya ngamia hapa mjini na kuyapeleka hadi Eastleigh, Nairobi, wanajua thamani ya chombo kilichofukizwa moshi. Moshi hupunguza vijidudu kwenye chombo na huyapa maziwa ladha yake. Lakini hauwaui bovis na brusela waliokwisha kuingia kwenye maziwa kutoka kwa mnyama. Kuchemsha huwaua wote wawili.

Ndugu wa pili ni bakteria wa ukoma. Huyu hakubali kuota katika chupa yoyote. Kwa miaka mingi njia ya kumjaribia dawa ilikuwa kumpandikiza kwenye wayo wa panya, ugunduzi wa Charles Shepard wa Marekani mwaka 1960, kisha kusubiri kwa miezi, kwa kuwa hugawanyika mara moja tu kwa takriban wiki mbili. Rifampisini ilipojaribiwa dhidi yake iliua kwa kasi isiyowahi kuonekana. Tangu mwaka 1981 ndiyo nguzo ya tiba ya ukoma, nayo hutolewa pamoja na dawa nyingine kwa sababu ile ile ya hesabu.

Wapo pia ndugu wanaoishi kwenye maji na udongo. Chini ya darubini, vijiti vyao vyekundu havitofautiani na vya kifua kikuu, na zamani baadhi ya wagonjwa walimezeshwa dawa za kifua kikuu kwa ajili yao bila nafuu. Hawa hutibiwa kwa azithromaisini au dawa ya jamii yake ikichanganywa na nyingine. Kifua kikuu chenyewe hakitikiswi na azithromaisini, kwa sababu kina kinga yake ya asili dhidi yake.

Pale brusela inapochanganywa na kifua kikuu

Chukua mfano wa mfugaji wa Kinna au Sericho mwenye homa za jioni, jasho la usiku, maumivu ya mgongo, na shuka linaloonyesha kwamba amepungua. Dalili hizo ni za brusela. Dalili hizo hizo ni za kifua kikuu, na hata maumivu ya mgongo yanaweza kutokana na mmojawapo, kwa kuwa magonjwa yote mawili hushambulia mifupa ya uti wa mgongo.

Anaenda kupimwa damu. Kipimo cha haraka cha tone la damu ambacho kimetumika kwa miaka mingi nchini kimeonekana katika utafiti uliofanywa Kenya kuwa hukosea sana, kikimwambia asiye na brusela kwamba anayo. Kipimo kiitwacho Rose Bengal hutegemewa zaidi. Mfugaji wetu anapewa jibu la brusela, pamoja na doksisaiklini na rifampisini za wiki sita.

Ikiwa kweli ni brusela, atapona. Ikiwa ni kifua kikuu, hesabu ile ya mmoja katika milioni 100 inaanza kazi. Doksisaiklini haina nguvu ya maana dhidi ya kifua kikuu, kwa hiyo mwilini mwake rifampisini inapigana peke yake. Katika wiki za kwanza anapata nafuu ya kweli: homa inashuka, hamu ya chakula inarudi. Nafuu hiyo ndiyo inayopotosha, kwa sababu inathibitisha jibu lisilo sahihi. Waliobaki ni bakteria wachache walio sugu. Wiki sita zikiisha, wanaendelea kuzaana, na miezi kadhaa baadaye anarudi hospitalini akikohoa, akiwa na aina ya kifua kikuu ambayo dawa bora kuliko zote haiwezi kuitibu. Tena anaweza kuwa tayari amewaambukiza watoto wanaolala naye nyumba moja, na wao wataanza na ugonjwa sugu bila kumeza hata kidonge kimoja.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Kabla ya kuanza rifampisini kwa ajili ya brusela, mgonjwa aulizwe kuhusu kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito, na iwapo aliwahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu. Akiwa na dalili yoyote kati ya hizo, atoe makohozi kwanza. Asipoulizwa, hakuna ubaya wa yeye mwenyewe kuuliza: "Daktari, tumehakikisha si kifua kikuu?" Pale ambapo shaka haijaondoka, ipo njia nyingine ya kutibu brusela, doksisaiklini pamoja na sindano ya jentamisini, ambayo haiichezei rifampisini.

Dawa za dukani

Wengi hawafiki hospitalini wakiwa na kikohozi cha kwanza. Hupitia duka la dawa. Amoksilini inayouzwa hapo haimuui bakteria wa kifua kikuu, kwa kuwa yeye hutengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Azithromaisini imekwisha kuelezwa. Hizi mbili hupoteza muda na pesa tu, ingawa muda huo anakohoa karibu na wengine.

Siprofloksasini ni hatari zaidi. Ni ya jamii moja na levofloksasini na moksifloksasini, ambazo hutegemewa kutibu kifua kikuu sugu. Siku tano za siprofloksasini humtuliza mgonjwa wa kifua kikuu kiasi cha kuahirisha safari ya hospitali, na bakteria wanaobaki huanza kuzoea jamii nzima ya dawa hizo. Anayeinunua bila kipimo anatumia silaha ya akiba kabla ya vita.

Akiba hiyo si kubwa. Dawa mpya za kifua kikuu ni chache, na kwa hiyo maabara duniani huendelea kurudi kwenye makabati ya dawa zilizopo na kuzijaribu upya. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba meropenemu, antibiotiki ya hospitali ya ukoo wa penisilini, huweza kumuua hata bakteria sugu ikiambatanishwa na klavulanati, kitu kinachozuia kile kimeng'enya cha kuvunja dawa. Linezolidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa ajili ya nimonia na maambukizi ya ngozi. Leo ni sehemu ya matibabu ya miezi sita ya kifua kikuu sugu ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022, pamoja na bedakwilini, pretomanidi na moksifloksasini. Awali wagonjwa wa aina hiyo walitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, wengi wakidungwa sindano kila siku ambazo ziliwaacha baadhi yao viziwi.

Kutoa makohozi yanayofaa

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria kwamba watu 558 kati ya kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini walikuwa na kifua kikuu, na kwamba karibu wanne kati ya kila wagonjwa kumi walikuwa hawajatambuliwa. Hao ndio maabara haijawahi kuona makohozi yao.

Anayekohoa, hata kama kikohozi si cha muda mrefu, au mwenye homa, jasho la usiku au kupungua uzito, afike kituo cha afya kilicho karibu au azungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Kituo kisicho na mashine hupeleka sampuli kwa kilicho nayo. Si lazima mgonjwa mwenyewe asafiri. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Sampuli bora ni ya asubuhi, kabla ya chai. Sukutua kinywa kwa maji safi. Toka nje, mbali na watu, mahali penye hewa. Vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka chini ya kifua na uteme ndani ya kikopo bila kukigusa ndani. Kinachotakiwa ni kitu kizito, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Funga kifuniko kabisa, kiwe na jina lako, ukiweke mbali na jua, na ukifikishe kituoni siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo asiyeweza kukohoa apelekwe hata hivyo, kwani kipimo chake huweza kufanywa kwa kinyesi. Na ikiwa nyumbani maziwa hunywewa mabichi, au katika miezi ya karibuni umetibiwa brusela, mwambie anayekipokea kikopo ili aliandike kwenye fomu.